Glasi Katikati ya Meza

Baba yake hakuwahi kutaja bia. Kwenye simu aliuliza, "Huko kwenu hamjambo?" na binti akajibu hawajambo, kisha wakahamia kwenye mvua, magoti na bei ya unga. Kwa hiyo Jumamosi ile, shangazi alipochungulia jikoni na kusema, "Mpishi, weka chini huo mwiko, kaka yangu yuko mlangoni anapangusa viatu," binti alidhani anataniwa.

Mpishi ni jina alilopewa na wateja, kwa kuwa bia aliipika mwenyewe, nyuma ya ukuta uleule waliouegemea wakinywa. Chumba cha mbele kilikuwa na meza chache, kaunta ya mbao na mabomba yenye mikono ya shaba. Shangazi, dada mdogo wa baba, ndiye aliyemimina, na ndiye aliyewazoesha wageni adabu za pale. Hazikuandikwa popote. Mtu akiomba barafu, shangazi alimtazama kwa huruma kama amemwona akitia barafu kwenye uji, halafu akamletea maji baridi pembeni. Aliyekuja mara ya kwanza alianzishiwa nyepesi, nyeusi ikafuata baadaye, ulimi usije ukachoka mapema. Glasi hainywewi kabla pua haijapita juu yake. Hakuna kucheka alichoagiza mwenzako. Na aliyepika haulizi, "Imekuwaje?" Mtu akiulizwa ana kwa ana hujibu vizuri ili asiudhi, na jibu hilo halimsaidii mpishi.

Kulikuwa na adabu moja aliyoianzisha Mpishi mwenyewe. Bia ikikushinda, huna haja ya kujieleza wala kukunja uso. Unaisukuma glasi katikati ya meza, basi. Mpishi anaichukua kimya, anaimwaga, na mazungumzo yanaendelea. Watu waliipenda hiyo kuliko zote. Ilimwachia kila mtu heshima yake.

Baba alikuwa mwoka mikate. Tanuri lilikuwa uani kwao, na Mpishi alikulia pale na unga kwenye kope. Kila mtu alijua atalirithi. Kumbe alichokipenda zaidi ni hamira, namna inavyoamka na kuanza kuhema kwenye bakuli, na siku moja akaondoka nayo kwenda kuifanyia kazi nyingine. Baba hakugomba. Alimkabidhi mpwa wake ufunguo wa tanuri, akanyamaza. Wala haikuwa habari ya ulevi. Jumapili mwenyewe alikaa barazani na chupa yake moja. Ni lile tanuri tu lililokaa katikati yao.

Miezi ya karibuni, shangazi alikuwa akipita dukani kwa kaka yake kila Jumatatu kununua mikate iliyolala. Alisema ni ya kuku wake. Shangazi hakuwa na kuku hata mmoja. Mikate ile Mpishi aliikausha, akaivunjavunja, akaipika pamoja na shayiri, na sasa pipa moja lilikuwa tayari. Bia yake ilikuwa ya kahawia, na uchachu wa mbali. Hakuna mteja aliyeionja. Alitaka baba awe wa kwanza, na kila aliposhika simu amwite, aliishia kuuliza habari za magoti. Shangazi alichoka kungoja, akamwita kaka yake yeye mwenyewe.

"Karibu, kaka," shangazi alikuwa akisema Mpishi alipotoka jikoni. "Leo umepotea njia?"

"Njia naijua. Miguu ndiyo imebisha."

Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili, limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama. Alikaa kwenye meza ya dirishani, jirani na Fundi Bomba, yule aliyeunganisha mabomba ya pale na tangu siku hiyo hakubanduka.

"Shikamoo, mzee," Fundi Bomba alisema.

"Marahaba. Eti ninyi mnanusa kwanza ndiyo mnywe?"

"Ndiyo, mzee. Pua inatangulia."

"Yangu imejaa unga tangu ujana. Itatangulia kwenda wapi?"

Fundi Bomba alicheka hadi meza ikatikisika. Mpishi alimimina taratibu, akasubiri povu litulie, akapeleka glasi mwenyewe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama." Alimwita hivyo tangu alipozaliwa, kwa kuwa alibeba jina la mama yake. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Mpishi alirudi nyuma ya kaunta, akachukua glasi kavu, akaanza kuikausha. Baba aliinamia glasi yake, akanusa kwa utiifu, akainuka na povu kwenye ncha ya pua. Akaonja. Akatazama barabarani. Akaonja tena, polepole, kama mtu anayesikiliza jina analojaribu kulikumbuka.

"Utaitoboa hiyo glasi," shangazi alimnong'oneza Mpishi.

"Unasemaje uso wake?"

"Uso wa kaka yangu hausemi ndiyo wala hapana. Tulia."

Bia ilipofika nusu, baba aliacha kunywa. Alifuta ukingo wa glasi kwa kidole gumba, pale midomo yake ilipogusa. Kisha akaisukuma katikati ya meza.

Mpishi aliona vizuri. Fundi Bomba naye aliona, akageukia dirisha ghafla kana kwamba kuna kitu kule nje. Miguu ya Mpishi ilijua kazi yake. Alikwenda, akaichukua glasi kimya kama alivyochukua za wengine, akarudi kwenye karo, akaimwaga. Ile kahawia ilizunguka mara moja na kupotea.

"Nikuletee maji, Baba?"

Baba alikuwa akitazama karo. "Hapana, mama. Nashukuru." Akainuka, akatafuta kofia yake, ambayo alikuwa ameivaa.

"Wewe, unakwenda wapi?" shangazi alifoka. "Hata kiti hakijapata joto!"

"Nyumbani. Nimeona."

"Umeona nini?"

Baba alisita. Hakuwa mtu wa kusema mambo yake mbele za watu. "Nimembakishia nusu yake," alisema kwa sauti ya chini. "Ameimwaga."

Mpishi alishika ukingo wa karo. Ilikuwa adabu ya tanurini, nayo haikuandikwa popote. Mkate wa kwanza kutoka, mwoka anauvunja, anakula nusu, nusu anamwachia aliyekanda. Ukiwa mbaya anaumaliza wote peke yake, aliyekanda asijue, asikate tamaa. Yeye mwenyewe alikula nusu hizo utoto wake wote, amesimama juu ya kreti. Aliijua adabu ile kwenye mkate; kwenye glasi, ndani ya nyumba yake, hakuitambua.

"Baba, hapa kwetu ukisukuma glasi katikati, maana yake imekushinda."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Na mimi ningejuaje? Mmeibandika wapi?"

"Hatubandiki."

"Watu wa ajabu ninyi." Alisimama pale, mkono kwenye kiti. "Nikafikiri unanirudishia. Nikasema, haya, na mimi sikuwahi kuuliza habari za kazi yako, sasa ni zamu yako."

Shangazi alijifuta macho kwa kitambaa cha kaunta, akagundua kimelowa bia, akatukana kidogo. Fundi Bomba alihamia meza ya mbali bila kuombwa, glasi yake mkononi, akiitembeza kama mgonjwa.

"Kaa, Baba. Tafadhali."

Alikaa. Mpishi alimimina glasi nyingine, akavua aproni, akakaa mbele yake, jambo ambalo hakulifanya kamwe na mteja. Akanywa mwenyewe hadi nusu. Akamsogezea.

"Ile ya kwanza ilikuwa nzuri kweli?" aliuliza. Swali lenyewe lilikuwa kinyume cha adabu za pale, na lilitoka hivyohivyo.

"Chungu kidogo mwanzoni. Sijaizoea. Halafu kuna kitu kinakuja nyuma, nakijua lakini kinaniponyoka."

"Mkate, Baba. Mkate wako. Ule unaolala."

Baba alimgeukia dada yake. "Kuku?"

"Wamekufa wote," shangazi alisema. "Kideri."

Baba hakucheka mara moja. Aliigeuza glasi kwenye mwanga wa dirisha. Mpishi alikumbuka jinsi baba alivyokuwa akibeba mikate iliyolala hadi mwisho wa ua, hataki kuonwa, na kurudi hana maneno hadi jioni. Sasa mabega yake yalianza kutikisika, na Mpishi alichelewa kujua kama ni kicheko. Kilikuwa kicheko, ingawa macho yalikuwa na maji.

"Wakati unajifunza," alisema alipotulia, "nilikula mikate mizima mingi sana. Kuna mwaka suruali zote zilinibana."

"Baba! Ulikuwa unaniambia mpwa wako ameimaliza."

"Ningesemaje?"

Akanyanyua glasi, akasahau pua, akanywa. Akaendelea kunywa. Mpishi aliitazama ile nusu ikishuka hadi povu la mwisho likateleza.

"Umeimaliza," alisema. "Kwa hiyo hii ni mbaya?"

"Hii nilikuwa na kiu." Alipangusa midomo. "Ila mikate ile unaikausha vibaya, imekamata moshi. Jumatatu usimtume shangazi yako. Nitakuja nayo mwenyewe, tuikaushe sawasawa."

"Saa ngapi, Baba?"

"Tanuri likishapoa."

Shangazi aliuliza kama wamemaliza au vipi, maana kuna watu wanasubiri kuhudumiwa. Mpishi aliinuka kufunga aproni. Baba alibaki amekaa, akamgeukia Fundi Bomba kule mbali na kumwita kwa kidole.

"Njoo hapa, kijana. Nifundishe hizo adabu zenu nyingine, kabla sijaharibu tena."