Ridhaa ya Mkaaji

Kerry alikuwa ameshainua mguu kuvuka kizingiti pamoja nami, wakili, Bi Priestnall, akamwekea mkono mbele kwa upole, kama mtu anayemzuia mtoto asikimbilie barabarani.

"Wewe subiri nje, dada. Mama yako nitazungumza naye peke yake."

"Lakini mimi ni mwanawe!"

"Ndiyo sababu," akasema Bi Priestnall, akafunga mlango.

Nilikasirika. Mimi Beryl Ashworth, mjane, mzaliwa wa Rochdale na nitazikwa Rochdale, tangu lini nikahitaji mtu wa kunilinda na binti yangu? Nilikuja kuweka saini, sikuja kuungama. Kerry na mumewe, Gareth, walikuwa wakiihamishia rehani ya nyumba yao benki nyingine, na kuongeza mkopo juu yake ili Gareth afungue karakana ya pikipiki. Benki hiyo mpya ilitaka ridhaa ya kila mtu mzima anayeishi humo, na wa tatu ni mimi wa chumba cha nyuma. "Ni utaratibu tu, Mama," Kerry aliniambia njiani. Aliyarudia maneno hayo mara nyingi mno.

"Hicho chumba cha nyuma," wakili akauliza, "kilijengwa kwa fedha za nani?"

"Zangu. Mume wangu Ken alipofariki niliuza nyumba yetu. Nikajenga chumba, zilizobaki nikawapunguzia deni lao."

"Na mlikubaliana nini?"

"Kukubaliana?" Nikacheka. "Binti, yule ni mwanangu! Nilihamia na masanduku yangu, Kerry akabandika birika, tukanywa chai."

Ndivyo tulivyo watu wa huku. Mtu atakusimulia habari za bawasiri yake kwenye foleni ya posta, lakini muulize nyumba ni ya nani, atainuka kwenda kuchemsha maji. Funika kombe mwanaharamu apite. Kwetu kombe lilifunikwa tangu nihamie, na hakuna aliyethubutu kuchungulia.

Bi Priestnall hakuinuka. Alisema huenda nina fungu langu katika nyumba ile, ingawa jina langu halimo kwenye hati. Nikisaini, haki ya benki itatangulia yangu. Kisha akaniuliza waziwazi:

"Wakishindwa kulipa, benki ikaja kuichukua nyumba, wewe utalala wapi?"

Niliogopa, nasema kweli. Swali lenyewe jepesi, hata mtoto angeliuliza, na nyumbani kwetu halikuwahi kuulizwa. Wao hawakuniuliza, nami sikujiuliza. Nyuma ya kioo cha mlango kivuli cha Kerry kilikwenda na kurudi, kikasimama, kikaanza tena.

"Na nisiposaini?"

"Benki haitatoa mkopo."

"Basi mkwe wangu atanichukia mpaka kaburini."

"Kwa hilo sina ushauri, Mama. Je, kuna mtu amekushurutisha?"

"Hapana," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuipenda. Nikaishika kalamu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikaiweka chini, nikachukua koti langu.

Kerry alisubiri mpaka tulipoingia garini.

"Umesaini?"

"Bado."

"Bado? Mama, Ijumaa riba yetu nafuu ya zamani inakwisha, itapanda! Gareth ameshatoa arubuni ya lile banda la karakana. Nimwambie nini sasa?"

"Mwambie mama yako kauliza atalala wapi."

"Si chumbani kwako! Unadhani tutakutupa nje?"

"Nyinyi hamtanitupa. Benki je? Benki inanijua mimi?"

"Sema tu humwamini Gareth."

"Wewe unamwamini?"

Aliwasha gari, vifutio vikaanza kusukuma mvua kwenye kioo, lakini hatukuondoka. Nilijuta kumuuliza. Nilitamani nirudi mle ndani niandike jina langu, amani irudi, tukale samaki na chipsi zetu kama kila Jumatano.

"Alikuuliza nini yule mwanamke?" akauliza Kerry.

"Kama naelewa ninachokisaini. Kama nimelazimishwa. Nikadhani ananiona nimezeeka akili."

Kerry akaitazama mikono yake juu ya usukani. Ana mikono ya baba yake, mipana.

"Mimi nilipokwenda kusaini mkopo huu," akasema kwa sauti ndogo, "Gareth alikuwa amekaa pembeni yangu. Alinionyesha kwa kidole pa kuandika jina. Hakuna aliyemwambia asubiri nje."

Moyo uliniuma kuliko siku niliyomzika Ken.

"Zima gari, mwanangu," nikamwambia. "Turudi kwa yule wakili, safari hii wewe ndiye uulizwe."

Akalizima.