Bega la Kulia

Fundi cherehani alijisifia jambo moja tu: ukiingia dukani kwake, kabla hujafungua mdomo ameshajua bega lako lipi limeshuka. "Wewe unabebea mkoba kushoto," atakwambia, na tepu hata haijatoka mfukoni. Ndiyo maana lile suala la matairi lilimchoma.

Pikipiki yake ilikuwa ya siku nyingi. Kila asubuhi walikwenda nayo dukani, yeye mbele, mkewe nyuma amekaa upande, miguu yote kushoto, gauni limebanwa magotini. Kabla ya kuondoka mume aliuliza, "Umekaa?" na mke akamgusa mgongoni. Sasa mke alishazikwa, mvua zimekuja na kwenda, na mgane huyu bado alikuwa anauliza, kwa sauti ya chini, ndipo anaondoka. Wala hakuona aibu. Safari ile ya asubuhi ndiyo sehemu pekee ya siku ambayo hakujiona mpweke.

Basi, matairi yakaisha. Yalikuwa vipara, upande wa kulia kuzidi kushoto. Siku moja akateleza kwenye tope mbele ya geti la binti yake, akaangukia kiwiko. Binti hakupiga kelele. Alimfunga bandeji, akamwambia abadilishe matairi, na akianguka tena pikipiki inauzwa. Binti huyu akisema amesema. Kwa hilo amemrithi mama yake mzima mzima.

Matairi mapya yakafungwa. Fundi tairi, bwana mmoja mnene mwenye maneno mengi, alimwonya aende mdogo mdogo siku za mwanzo, maana mpira mpya huteleza mpaka barabara iukwangue. Fundi cherehani akaitikia, akili iko kwingine. Kuondoka tu, pikipiki ikaanza kumvuta kulia. Akairudisha, ikamvuta tena. Mbele ya duka la dawa nusura aingie mtaroni, na akina mama waliokuwa kwenye foleni wakamcheka waziwazi.

Alirudi amefura, akadai ameuziwa matairi mabovu. Fundi tairi hakubishana. Alipanda mwenyewe, akaenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, pikipiki imenyooka kama rula. Kisha akamwambia mteja wake apande, akasimama nyuma kumtazama.

"Fundi, matairi hayana kosa," alisema. "Wewe unalalia kulia. Ya zamani yalishalika upande huo, yakakuzoea. Haya bado hayakujui."

Yeye wa kuambiwa amepinda! Aliikokota pikipiki hadi dukani, akasimama mbele ya kioo cha wateja amevaa koti lake la kila siku. Mabega yalikuwa sawasawa. Akacheka peke yake, akamwita fundi tairi jina ambalo si la kuandikwa. Akavua koti alitundike, na katika kugeuka akajiona tena kwenye kioo.

Ndani ya shati, bega la kulia lilikuwa limeshuka vidole viwili. Hata mtu aliyeanza kushona jana angeliona.

Alilirudia koti. Lilishonwa na mkewe, kama nguo zake zote. Yeye alishona za watu, mkewe alimshonea yeye. Akafumua bitana. Kwenye bega la kushoto kulikuwa na pedi moja, nyembamba. Kulia kulikuwa na tabaka juu ya tabaka, kila moja na uzi wa rangi yake, za chini zimechakaa, ya juu bado ngumu. Miaka yote mke alikaa upande, uzito kushoto, na mume akaegemea kulia ili pikipiki isimame sawa. Mke alimwona akipinda. Kila alipopinda zaidi alimwongezea kitambaa, asije akachekwa na wateja wake. Na fundi akakumbuka kwamba kuna siku mkewe aliuliza kama haingekuwa vyema akae kwa kutanua miguu kama watu wengine. Yeye alicheka tu, akamwambia akae hivyo hivyo, ndivyo anavyompenda.

Aliketi sakafuni, koti liko mapajani, na hamu ya kumwona mkewe ikamshika hadi akashindwa kufungua duka mchana ule. Alielewa vizuri kilichokuwa mbele yake. Akiendelea kuegemea, ataanguka, na pikipiki itauzwa. Akikaa wima, atakuwa amekubali kwamba nyuma hakuna mtu.

Jumapili binti alikuja kujionea mwenyewe. Walikwenda kwenye uwanja wa shule uliokuwa mtupu. Fundi alikuwa amevaa shati tu. Alipanda, akawasha, mdomo ukafunguka kuuliza, akaufunga. Kisha akakaa wima. Mwili wote ulikataa. Ulimwambia anaanguka kushoto, na yeye akauacha useme. Akaachia klachi polepole.

Pikipiki ikaenda moja kwa moja. Ilipita goli la kwanza, ikapita la pili, haikuvuta popote. Na hapo ndipo alipokihisi kiti cha nyuma kwa mara ya kwanza tangu msiba: kilikuwa chepesi, hakina kitu. Alizunguka uwanja mzima hivyo hivyo, amenyooka, machozi yanaingia kwenye kamba ya helmeti.

Aliporudi, binti alikuwa anatabasamu. "Umeyazoea, Baba."

Baba yake hakushuka. Alizima injini, mikono ikabaki kwenye usukani.

"Sijazoea, mwanangu," alisema. "Nimenyooka tu."

Binti aliliona bega la kulia likianza kushuka tena, taratibu. Akaweka mkono wake juu yake, wala habari ya kuuza hakuitaja.