Kadi Zilizokunjwa Pembe

Kila asubuhi Mama Masjala alipiga pasi sare yake ya kazi, kisha akaitundika tena. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu hospitali mbili ziunganishwe, naye akaambiwa kwamba faili zote zinahamia kwenye kompyuta na kazi yake ya kuzitunza imekwisha.

"Siku moja sare hiyo itakunyoosha wewe," mumewe alimtania.

Kabla hajamjibu, hodi ikapigwa. Alikuwa msimamizi wa masjala, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi, na ndiye aliyemsomea ile barua ya kuachishwa kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Msimamizi hakucheka. Alikalia ncha ya kiti. "Kuna mwanamke amekuja siku ya tatu leo. Mtoto wake alifia tumboni mwaka juzi. Anataka ile kadi yenye alama ya nyayo zake. Kompyuta haimjui mtoto huyo. Tunaomba uje utusaidie kutafuta."

Kumbe bado wanamhitaji. Furaha ilimpanda Mama Masjala kifuani, naye akaionea haya.

"Wale ambao hawakulia sikuwachanganya na wafu wengine," alisema taratibu. "Niliwaweka nyuma ya kadi za mama zao, nikakunja pembe, mtu asije akaifunua kadi ovyo mbele ya mzazi. Tafuteni pembe iliyokunjwa."

Msimamizi aliinamisha kichwa. "Zilizokunjwa tulidhani umezitia alama kwamba ni mbovu."

"Ziko wapi?"

"Tulizichoma, mama."

"Mdharau mwiba," mumewe alinong'ona, lakini hakuimalizia methali.

Miaka kumi na tisa. Kila pembe aliikunja kwa ukucha wake mwenyewe, na baadhi ya majina bado aliyakumbuka, maana kuna akina mama waliotoa jina hata hivyo.

"Siku ile ya barua nilikaa saa nzima na funguo za masjala mkononi," alisema. "Nilingoja mmoja wenu aniulize lolote, mwanangu."

"Sikuweza kukutazama usoni."

"Basi leo nije kutafuta nini? Majivu?"

Msimamizi alijifuta uso kwa kiganja. Alisema mwanamke yule yuko kwenye benchi tangu alfajiri, na kila mlango ukifunguliwa anasimama.

"Kusema kweli sikuja kukuita utafute; nilishahisi kwamba tumeichoma," alisema hatimaye. "Nimekuja kukuomba umwambie wewe. Mimi naogopa, mama."