Maboksi ya Shemeji

Niliitambua sauti ya dada yangu kabla hajatamka neno. Dada huvuta pumzi kabla ya kuimba kama mtu anayejiandaa kujitwika ndoo, na pumzi ile ilipotoka kwenye redio ndogo ya mezani kwangu, asubuhi ya Jumanne, kalamu yangu ilibaki hewani. Flashi niliyokuwa nimechomeka ilibandikwa kipande cha karatasi chenye namba kumi na tisa. Basi. Jina hakuna.

Ndivyo gazeti letu linavyofanya kazi. Ni gazeti dogo la kila Ijumaa, linalosomwa na watu wa muziki wenyewe: watangazaji wa redio, wenye studio, wauza muziki, viongozi wa bendi. Kurasa mbili za katikati zinaitwa "Tumesikia", na humo kila kazi mpya hupewa maneno arobaini, hayazidi. Sifa peke yake hazitoshi. Lazima umwambie mtangazaji apige wimbo upi, saa ngapi. Na anayehakiki hajui anamsikiliza nani. Muziki ukifika, mtu mmoja tu huona jina, huuhamishia kwenye flashi, huipa namba, kisha hulifungia daftari lake kwenye droo. Jina hurudishwa siku ya kuchapa. Tunasikilizia redio zenye spika zilizochanika, kwa sababu, anasema mhariri, wasomaji wetu wanawapigia muziki watu wenye redio kama hizo.

Sheria ya mwisho ni fupi. Ukiitambua sauti, unaiweka flashi mezani na kusema "najua". Hakuna anayekuuliza unamjua nani. Flashi anapewa mwingine.

Mwingine, wiki ile, alikuwa Ndimu. Alifundisha kwaya miaka ishirini kabla ya kuja gazetini, na jina hilo alipewa na wanamuziki, naye analibeba bila kinyongo. Kuhusu bendi moja aliwahi kuandika: "Tunampongeza mpiga ngoma kwa kumaliza."

Mimi nilikuwa na miezi miwili tu kazini, bado niko kwenye majaribio. Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki. Anashona sare za shule, anaimba huku akikanyaga cherehani, na kwenye harusi za watu anaimba kwa sahani ya chakula na nauli. Joho la mahafali yangu alilipiga pasi mara tatu. Siku ile nilimwahidi kwamba elimu hii itamfungulia mlango na yeye. Sasa mlango ndio huo, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Ila hakuwa ameniambia kwamba amerekodi, na hilo liliniuma. Nikaliweka kando, nikaandika. Maneno yalikuja yenyewe: asali, mto, mbalamwezi. Niliyahesabu yakawa arobaini kamili, nikaona hata Mungu yuko upande wetu.

Saa nne tukaenda kunywa chai. Meza ya chai ofisini kwetu haina miguu. Ni ubao uliolazwa juu ya maboksi kumi na manne, na maboksi mengine sita yaliyopangwa ukutani ndiyo benchi la wageni. Nilijua yamejaa santuri, na kwamba ni za Shemeji. Huyu Shemeji ndiye mwenye daftari la namba. Ni kaka wa mke wa mhariri, lakini ofisi nzima inamwita Shemeji, hata mleta maji. Naye mhariri tunamwita Mkurugenzi, cheo alichokiacha zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Nafsi ilikuwa inanisuta. Nilimuuliza Mkurugenzi kama yeye aliwahi kuitambua sauti na asiseme.

Shemeji alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Muulize vizuri, binti," akasema. "Umekalia ushahidi."

Mkurugenzi alisimulia huku akikoroga chai isiyo na sukari. Aliingia kampuni ya santuri akiwa karani wa kupeleka mikanda kutoka studio hadi kiwandani. Alipenda kubahatisha ipi itauzika, na alipopatia mara tisa mfululizo wakubwa wakaanza kumuuliza kabla ya kuamua. Miaka kumi na miwili baadaye yeye ndiye alikuwa mkubwa. Alikuwa na gari la kampuni, na bendi zilimsubiri koridoni kama wagonjwa. Ndipo shemeji yake, wakati huo ana miaka ishirini na miwili, alipoleta mkanda wake.

Walikaa watu sita kuusikiliza, na wote walijua kijana ni wa nani. Wa kwanza akafumba macho kwa raha. Wa pili akasema hapa kuna kitu. Ilipofika zamu ya wa sita, hakukuwa na sifa iliyobaki. Mkurugenzi mwenyewe alisikia jinsi ile sauti ilivyokuwa ikipanda mlima bila kufika. Alisikia, akamkumbuka mkewe, akatia saini. Zikachapwa santuri elfu mbili. Zikauzwa sitini na moja.

"Arobaini alinunua mama mkwe," alisema Mkurugenzi.

"Arobaini na mbili," alisema Shemeji. "Mama yangu usimpunguzie."

Tulicheka wote, hata Ndimu. Kisha Shemeji akapangusa midomo na kuongea taratibu. "Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa kabla sijapanda mnazi. Mtu mmoja angeniambia ukweli pale mezani, ningelia siku moja yakaisha. Badala yake nikaambiwa na kila duka." Alimtazama shemejiye, wala hakuwa na hasira. "Ulinipenda, sikatai. Ila hukunisikiliza."

Mkurugenzi alituambia kwamba mwaka uliofuata aliacha kampuni, akaanzisha gazeti, na mwajiriwa wake wa kwanza akawa Shemeji, kwa kuwa ndiye mtu pekee ambaye yeye alikuwa na hakika hatamsifu bure. Kampuni ilipotaka kuyachoma yale maboksi, wakayachukua wao. Hayajafunguliwa tangu siku hiyo.

Nilirudi mezani kwangu nikayasoma maneno yangu arobaini. Asali, mto, mbalamwezi. Nikajaribu kukumbuka wimbo wa pili ulikwendaje, nikashindwa. Wa tatu nao nikashindwa. Nilikuwa nimemwandikia dada barua ya shukrani, nyimbo zake sikuzisikia. Nikapiga moyo konde, nikachomoa flashi, nikaenda kuiweka mbele ya Shemeji.

"Namba kumi na tisa," nikasema. "Najua."

Aliandika kwenye daftari bila kuinua kichwa, akampa Ndimu. Ndimu alisikiliza mwanzo hadi mwisho, akarudia tena, uso umekunjamana. Sikuweza kutazama. Nilikwenda kusahihisha ukurasa wa matangazo ya studio, na siku hiyo hapakupita kosa hata moja.

Ijumaa jioni nilifika nyumbani na gazeti kwapani. Dada alikuwa cherehanini, pini tatu mdomoni. Alilisoma akiwa amesimama:

"Nyimbo mbili za kwanza zimefunikwa na kinanda cha umeme kama bibi harusi aliyejifunga pazia la dirisha. Wa tatu ni sauti na cherehani tu, nao unatosha. Watangazaji wa alfajiri, upigeni kabla watu hawajavaa viatu. Mwimbaji akifukuze kinanda, amtafute mpiga gitaa mstaarabu."

Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Pazia la dirisha," akasema. Akakaa. Akaniuliza kama ni mimi niliyeandika.

Nikamweleza yote: pumzi yake, mbalamwezi yangu, maboksi. Nikamwambia kwamba ningeweza kumsaidia na sikumsaidia. Nilitarajia alie au anikaripie.

"Sikukuambia kwa makusudi," alisema. "Wewe hata nikiunguza chakula unaomba cha pili. Nilitaka kusikilizwa na mtu asiyekula kwangu."

Kisha akaniomba maneno yangu arobaini, kwa maana alijua sijayatupa. Akayasoma, akacheka mpaka mkasi ukaanguka. Aliuliza mto umetoka wapi, naye tangu azaliwe hajaimba habari za mto. Maandishi ya Ndimu aliyakata akayabandika ukutani juu ya cherehani. Yangu alifungia vifungo vya sare.

Jumanne iliyofuata, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mtangazaji mmoja aliupiga wimbo wa tatu. Nilikuwa na kiatu kimoja mguuni. Dada aliunguza kola ya sare kwa pasi, akasema haidhuru, atashona nyingine.

Wiki hiyohiyo akaja ofisini kumshukuru Ndimu, na kumuuliza mpiga gitaa mstaarabu anapatikana wapi siku hizi. Ndimu alisema angemjua mmoja angeshaolewa naye. Dada akacheka, akakaa kwenye benchi la wageni.

"Karibu," alisema Shemeji. "Umekalia kazi yangu yote ya muziki."

Dada akainuka haraka, akaomba kusikia. Mimi nilitazama chini. Nilisahau kumwambia kwamba maboksi yale hayafunguliwi. Lakini Mkurugenzi alikwishasimama. Alikata utepe wa boksi la juu kwa kisu cha kukatia mkate, akaifunua gramafoni ya pale pembeni iliyokuwa ikishikilia magazeti ya zamani, akapuliza vumbi kwenye sindano.

Sauti ya Shemeji ikaanza kupanda mlima wake. Ndimu alitazama dari. Shemeji mwenyewe alikuwa akitabasamu kama mtu anayeoneshwa picha yake ya utotoni. Dada peke yake aliinamisha kichwa, na mguu wake ukaanza kukanyaga sakafu vilevile anavyokanyaga cherehani.

Santuri ilipokwisha alisema, "Sauti, unisamehe Shemeji, ni ya kuitia watoto waje kula. Lakini hilo gitaa linalotembea chini yake, anapiga nani?"

Shemeji alitazama vidole vyake.

"Mimi," akasema.

Mkurugenzi aliirudisha sindano mwanzo. Safari hii alivuta kiti, akafumba macho, akasikiliza hadi mwisho, mkono umeegemea sikioni. Tulimsubiri. Alipofumbua macho aliomba daftari la namba, akatafuta mstari ulio wazi, akaandika. Nilikuwa karibu, nikasoma: *Haikupewa namba. Najua.* Akaweka tarehe ya siku ile na saini, ileile aliyotia miaka yote hiyo iliyopita, akamrudishia Shemeji daftari kwa mikono miwili.

Shemeji alisoma, akakohoa, akalifunga. Akamgeukia dada, akamwambia kwamba gitaa lipo nyumbani juu ya kabati, ila limebaki na nyuzi nne.

"Nne zinatosha kuanzia," alisema dada. "Jumamosi nitafunga cherehani saa nane."