Neno Lililosomwa Kinyumenyume

Tangu asubuhi Barthélemy, karani wa mashine, alikuwa ameinuka na kuketi mara nyingi hata kiti kikachoka kumpokea. Bahasha ilikuwa mezani, imefungwa. Saa sita ingepanda ndege kwenda Ubelgiji. Ndani yake mlikuwa na makala ya Bwana Émile, muzee wa Kibelgiji ambaye macho yake yalibaki ya kupambanua mbuzi na muti tu. Makala ilihusu neno moja la Walidia, watu wa kale wa upande wa Uturuki: ARIB. Neno hilo halikuonekana penginepo duniani. Barthélemy ndiye aliyelinakili kutoka picha ya jiwe, na ndiye aliyejitia ujuzi akasema linafanana na "haribu". Bwana Émile akalidaka: uharibifu! Miezi mitano, kurasa arobaini, na mlima wa moto wa Nyiragongo akautia humo pamoja na moshi wake.

Jana Barthélemy alimwonyesha picha ile Assumani, fundi wa cherehani, ili asifiwe. Assumani, mutu wa chuo cha Kurani, akauliza tu hao watu wa kale huanzia mukono gani kusoma. Barthélemy akaanza kucheka, kisha akairudia picha. Walidia waliandika kutoka kuume kwenda kushoto. Bwana alimwambia hivyo kila siku, naye akalisoma kutoka kushoto kama mutoto wa misioni. Ukiligeuza, ni BIRA, yaani nyumba, neno la ukurasa wa kwanza wa daftari la Bwana la maneno ya Kilidia.

Akinyamaza, muzee atachekwa huko Ubelgiji. Akisema, barua ya Bwana ya kumwombea kadi ya mérite, ile serikali inayompa Mwafrika iliyemwona mustaarabu, haijatiwa sahihi bado, na mke wake Athanasie ameshaitangaza kadi hiyo mpaka Kibati.

Saa tano na nusu akaichukua bahasha, akaingia kwa Bwana.

"Bwana, lile neno nililigeuza. Ni nyumba."

Bwana Émile akaileta picha puani. Kidole kikatembea kuume kwenda kushoto, kikarudi, kikatembea tena. Shingo ikamwiva. Akauliza nani mwingine anajua. Barthélemy akajibu kwamba ni fundi mmoja wa nguo.

"Huyo anasema sana?"

"Bwana, ni fundi wa cherehani. Goma nzima inapimwa kiuno pale."

Muzee akaichana bahasha vipande vinne. Akapapasa kalamu, akavuta barua ya kadi, akaitia sahihi kwa nguvu hata karatasi ikatoboka.

"Mwambie fundi wako ulinikuta nimeshalijua."

Barthélemy akaikunja barua kabla wino haujakauka. Miguu ikamkimbiza barabarani, naye hajui amshukuru Assumani kwanza au amdanganye kwanza.