Kompyuta Mpya ya Toleo la Zamani

Jumatatu, tarehe tatu Juni, kulikucha kwa manyunyu. Fundi viatu alikwenda kununua kompyuta mpakato ya darasa lao la jioni. Wenzake walimtuma yeye kwa kuwa ni mtu wa sala. Dukani alisali kimoyomoyo apewe ishara, akaona boksi halijafunguliwa, akalipa bila kuuliza neno.

Jioni mwalimu alijaribu kuweka programu ya mtihani, ikakataa.

"Haijatumika, ni kweli," alisema, "lakini toleo lake ni la miaka minane iliyopita. Ilikuwa imekaa tu stoo."

"Kumbe kaka umetuletea bibi harusi mwenye mvi," alisema mama muuza mikate, na darasa likacheka.

Kicheko kile kilimchoma fundi kuliko matusi. Swali moja tu lingetosha, naye alikuwa amemwachia Mungu kazi ya ulimi wake mwenyewe. Akasimama mbele ya wote.

"Ndugu zangu, mnisamehe. Kesho nairudisha, na wakikataa kuibadilisha, nitanunua nyingine kwa jasho langu. Njiani nitasali, lakini nikifika dukani nitauliza kwanza toleo ni la mwaka gani."