Duka la Kidole Gumba

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefungua mlango wa bafu letu hapa Tanga, nikajikuta nimeingia duka la kanga. Muuzaji alikuwa kidole gumba changu cha kulia. Kaketi kwenye kigoda, kavaa kofia ya viua. Nikatazama mkono wangu: vidole vinne.

Kwa kuwa alionekana mtu mzima kunizidi, nikamwamkia.

"Marahaba, Mwanakombo," akasema. "Karibu ndani ya simu yako, uone mali yako."

Jamani, lile duka halina ukuta wa nyuma. Kanga zimetundikwa mpaka macho yanachoka, nyingine zina rangi nisizozijua majina. Kila nilichowahi kukikodolea macho kwenye simu, hata kwa kupitiwa tu, kimechapiwa kanga yake, nayo inajisomea maandishi yake kwa sauti ya chini. Subhanallah, nilistaajabu hata nikasahau kuogopa.

Moja ikasoma: VYUMBA VYA KUPANGA MOROGORO.

Nimepata kazi Morogoro, na mama hajui. Tangu baba afariki tumebaki wawili, na kila nikitaka kumwambia, ulimi unakuwa mzito. Sijamwambia kiumbe yeyote.

"Nani kakupa siri yangu?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata," kidole akajibu. "Mdomo wako unasema huendi popote. Mimi ninayepitisha picha za simu, nikifika kwenye vyumba, nasimama."

Mara duka limekuwa barabara ya lami. Nyuma yangu wanakuja wanawake, hawana idadi, wote wana macho yangu. Wananisukuma mgongoni kwa upole, kama wanaompeleka bibi harusi.

"Hao ndio wanaofanana nawe," kidole ananieleza. "Wote walishahama. Songa mbele."

"Kwani hili wazo la kuhama ni langu, au mmenitia nyinyi?"

Anafikiri kidogo. "La kwanza lako. Mengine tulikuongezea, maana kila tukikuongezea hutoki dukani."

Wala haoni haya. Namwomba aniuzie ile kanga nikaifiche.

"Kanga huuzwa doti," anasema. "Kipande kimoja chako, cha pili cha yule unayekaa naye nyumba moja."

"Mama yangu simu yake ni ya kusikilizia mawaidha tu. Mwacheni, nakuomba. Nitamwambia mwenyewe."

"Sisi hatuuzi kipande."

Akaikata doti katikati. Kipande changu akanitupia begani, cha pili kikaruka chenyewe kuelekea nyumbani, nami nikabaki nakitazama kinavyopendeza angani.

Nikaamka, vidole vyote vipo. Nikajicheka, nikatoka uani. Mama alikuwa mkekani, simu kaishika mbali na macho.

"Kombo mwanangu," akasema, "leo hii simu haitaki kunipa mawaidha. Inaniletea vyumba tu, Morogoro huko. Hiki chenye dirisha la upande wa mlimani ndicho ulichokichagua?"